Makoti Matano ya Mvua

Hapa Kamembe wananiita Kamanda. Mgeni akisikia anafikiri nilipigana vita, kuna hata mwenye alinipisha kwenye foleni ya esansi, petroli, na mimi maisha yangu yote sijashika bunduki, hata kuku nikitaka kumchinja namuita jirani. Jina lilitoka kwenye Jumapili moja tu, na kila nikiulizwa lilitoka wapi najifanya nina mteja ananingoja. Lakini Gaspari amezoea kuisimulia habari hiyo kwa watu, na kila akisimulia anaongeza chumvi (siku hizi imefika mahali eti nilipiga saluti, mimi sikumpigia mtu saluti), kwa hiyo bora niseme mwenyewe, mnicheke mara moja, kisha tuimalize.

Ilikuwa wakati vita ya pili ya Kongo imeanza kutulia, watu wanavuka tena daraja la Rusizi na lesepase zao, zile karatasi za kuvukia mpaka, bila kuulizwa maswali mengi. Tulikuwa motari watano, wapakiza watu kwenye pikipiki, tunaegesha pamoja pale karibu na soko tukingoja wateja. Mimi, Fideli. Gaspari, mwenye mdomo usiolala. Pascal, mkubwa wetu, mtu wa maneno machache, mwenye alizoea kupeleka watu mpaka Bweyeye kwenye matope ya kufika magotini. Na ndugu wawili wa Gihundwe tuliowaita Mapacha, ingawa hawakuzaliwa siku moja, juu ya vile hawakuwahi kupingana kwa jambo lolote. Ukimuuliza huyu, yule ndiye anaitika.

Sote tulikuwa watoto wa Kongo. Wazazi wetu walikimbilia kule zamani, tukazaliwa kule, tukasoma kule, kisha miaka ile ya tisini tukarudi Rwanda na Kiswahili chetu mdomoni na Kinyarwanda cha kuchekwa. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo, akanilea marene wangu, yule mama mwenye alinisimamia ubatizo, Mama Furaha, Mushi, mtu wa kabila la Bashi, wa kilima kimoja kabla ya kufika Katana. Alinilea pamoja na watoto wake, fimbo moja, sahani moja. Vita ya kwanza ilipofika niliondoka bila kumuaga, kila mtu alikuwa anakimbilia upande wake, na tangu siku ile sikuwa nimemuona tena. Zilikuwa salamu tu, zenye tulipelekeana kwa mdomo wa Maman Esperansi, mchuuzi wa nyanya na sambaza, wale dagaa wa ziwa, mwenye alivuka daraja kila siku isipokuwa ya Mungu.

Basi siku moja Gaspari akaja na habari eti motari wa Kigali wanasafiri kwa kundi mpaka inchi za nje, wanapiga picha, wanarudi wanasimulia, na sisi tunaolala karibu na mpaka hivi, pikipiki zetu hazijawahi kunusa vumbi la inchi nyingine. Ilituuma. Tukaanza kupanga, na tulipanga wiki nyingi, kila jioni wateja wakipungua, kwa mama mmoja muuza chai nyuma ya soko, mwenye mwishowe alituambia kama safari haitatoka hivi karibuni tutafute pa kupangia pengine, juu tunakunywa kikombe kimoja tunakalia benchi mpaka anafunga.

Gaspari alitaka Kampala. Alisema ana binamu kule, tutalala kwake wote, kumbe binamu mwenyewe alikuwa analala dukani kwa mtu. Mapacha walitaka Bujumbura waogelee, Pascal akawauliza barabara ile kwa sasa nani anaipita, wakanyamaza kwa pamoja. Kisha wote wakanigeukia mimi, na mimi nikasema kile ambacho nilikuwa nacho moyoni tangu kikao cha kwanza.

"Twende kwetu, kule kwa marene wangu. Ni inchi ya nje, lesepase itapigwa muhuri, tutafuata ziwa mpaka karibu na Katana, na kufika pale kuko mama, chakula ni ya bure."

Pascal akasema, "Ya bure ni nzuri." Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Pale pale nikafanywa shefu wa msafara, juu ndimi nilijua njia, na mimi ukinipa cheo hata cha kugawa chumvi, usingizi unapotea. Nilipanga kila kitu. Kwa sababu hatukuwa na falanga za hoteli, tutakwenda na kurudi Jumapili ileile kabla mpaka haujafungwa. Pampu moja, chemba ya akiba moja, ule mpira wa ndani ya tairi, ya kundi zima. Pikipiki nne zilikuwa za wapatroni, matajiri wetu, tukawaomba hiyo Jumapili moja na kuwaahidi kuziosha mpaka chini ya tumbo. Na kila mteremko tutazima pikipiki, tushuke rulibre, bila kuwasha, tubane esansi. (Hiyo hatukuivumbua kwa ajili ya safari. Motari wa milima yetu akiona mteremko mkono unakwenda kuzima wenyewe, hata akiwa na padri nyuma.) Nikapanga na namna ya kwenda: mmoja nyuma ya mwingine, nafasi sawasawa, mimi mbele, na mkono wangu ukipanda juu wote wazime. Tulifanya mazoezi kwenye barabara ya Mibirizi mpaka tukawa tunapendeza.

Nikamtuma Maman Esperansi kwa Mama Furaha. Akarudi na jibu kwamba tuje wote, atapika, ataalika kilima kizima. Kisha akaweka beseni lake chini, akaniangalia vizuri.

"Fideli, sikiliza. Bajirani yake beko nauliza, bale bantu ya ng'ambo banakuya kutafuta nini tena. Banasema benye banatoka Rwanda beko namna moja bote. Mama yako anabaambia hapana, mungoje, mutaona mutoto yangu. Anapita nyumba kwa nyumba, anasema ile tu. Ujue kama jina yake iko mu mikono yako."

Maneno yale yaliniingia. Nililala nayo. Mama huyu alinilea nikiwa si wa tumbo lake wala wa kabila lake, nikaondoka bila kwaheri, na sasa, baada ya vita mbili, anatembea milangoni mwa watu akiniwekea dhamana. Nikajiambia siku hiyo lazima tufike tukiwa watu wa maana, wenye mpango, si wahuni watano kwenye pikipiki za kukopa. Sasa mtu wa maana anaonekanaje? Gaspari akasema kwaya zote zina iniforme, kundi lisilo na iniforme linaonekana limetoroka mahali. Nikamwambia niachie mimi.

Sokoni kwenye nguo za caguwa, mitumba, nikakuta wamefungua furushi la makoti ya mvua kutoka Ulaya. Makoti mazito, kofia nyuma, yanafika chini ya magoti, karibu mapya, ukubwa mmoja, na rangi moja, kijani cha kufifia. Muuzaji akasema nikichukua matano atanipunguzia, na alinipunguzia kweli, kiasi kwamba nilirudi nikipiga mluzi. Maman Esperansi alikuwa anapita, akashika kitambaa kwa vidole viwili.

"Fideli, rangi ingine ilikosa?"

"Rangi haizuie mvua, Maman."

Alitaka kusema kitu, mteja akamuita kwa bei ya sambaza, akaenda. Na mimi sikumfuata. Mnielewe, upande wetu huu tulikuwa tumezoea. Askari wanapita asubuhi, askari wanapita jioni, mtu anasogea kidogo wapite, anaendelea kupima mchele. Nguo ya kijani kwetu ilikuwa kama ukuta, unaupita kila siku huuoni. Wenzangu nao wakayavaa pale pale kwenye kijiwe, wakageukageuka, wakanisifu kwa bei, hakuna hata mmoja aliyesema neno.

Jumapili tukasali misa ya kwanza, tukatoka. Makoti tuliyafunga nyuma kwenye viti, juu jua lilikuwa limewaka, tukavuka daraja na mashati meupe ya misa, miguuni mabuti ya mpira yenye motari wote wanavaa majira ya mvua. Wale wa uhamiaji wa Kongo walitucheka kidogo, wakapiga mihuri, na Gaspari aliibusu lesepase yake mbele yao. Tukapita Bukavu polepole kwa makusudi ili tuonekane. Mimi mgongoni nilikuwa na zawadi ya Mama, mwavuli mrefu wa kiume wenye mkono wa mti, mpya kabisa, nimeuzungushia mfuko mweusi wa plastiki na kuufunga na kamba begani, maana sikutaka ulowane kabla hajaufungua mwenyewe. (Ndiyo, mwavuli. Nilikuwa nimebeba mwavuli nisiutumie. Endeleeni kucheka.)

Ziwa likawa upande wa kulia, hewa safi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto. Tulipopita Kavumu mvua ikatushika. Tukajificha chini ya bati la shule, tukangoja, mvua ikawa haina haraka, na mimi nikaangalia saa nikasema tukikawia mpaka utatufungia. Tukavaa makoti. Tukavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Nikatuangalia wote watano (wao wanne, na mimi kwenye kioo cha pikipiki) na tulifanana mpaka nikashindwa kujua Pacha yupi ni yupi. Nikajisikia raha. Nikasema moyoni, Mama atajivuna leo.

Tuliacha barabara kubwa, tukashika njia ya udongo, tukapanda kilima cha kwanza, na tulipofika juu nikaona chini yake mgomba wa Mama, bati lake, na turubai la bluu lililotandwa uani. Mbele yetu mteremko mrefu. Nikainua mkono. Wote wakazima. Tukaanza kushuka kimya kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, nafasi sawasawa kama nilivyofundisha, mabuti yakikokota kwenye matope ili tusiteleze, na mvua ikianguka.

Wa kwanza kutuona alikuwa mama mmoja mwenye beseni kichwani. Alisimama katikati ya njia. Hakupiga kelele. Beseni likaanguka, akageuka, akashika mbio, na mimi nikafikiri anakimbia kumwambia Mama kwamba wageni wamefika. Nikainua mkono tena kumsalimu. Halafu nikaona watu wanatoka nyumba hii na ile, wanawake wanabeba watoto, mtu anavuta mbuzi, wote wanaingia kwenye migomba, na bado (kichwa changu kile, siku nyingine nakitazama kwenye kioo nakihurumia) nikafikiri labda wameogopa mvua.

Nilipoelewa kwamba wanatukimbia sisi, nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu barabarani likinijia nasimamisha pikipiki. Nilitaka kuwaeleza. Nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, "Simameni! Musikimbie!" Wakakimbia zaidi. Nikaona wanaelekea bondeni, nikamgeukia Gaspari.

"Zunguka kule chini, ubakate mbele, ubaeleze."

Gaspari, mtu wa kutii siku ambayo haifai kutii, akazunguka. Mapacha wakashika upande wa pili bila kutumwa. Kwa hiyo kilima kile, Jumapili mchana, kilikuwa kimezungukwa na wanaume wenye makoti ya kijani wanaopiga kelele za simameni, na shefu wao amesimama katikati na kitu kirefu cheusi mgongoni.

Kisha kilima kikawa hakina mtu. Mvua tu. Tulijikusanya kwenye ua wa Mama Furaha. Chini ya turubai kulikuwa na mabenchi ya kanisa yamepangwa mistari, kitambaa cha meza kilichopasiwa, maua ya porini kwenye chupa. Sufuria tatu motoni. Viatu vya watu vimebaki kwenye matope. Gaspari akarudi kutoka bondeni na ndara moja ya mtoto mkononi, ndogo, ya plastiki, akaipangusa tope, akaiweka kwenye benchi.

Pascal akatutazama mmoja mmoja. Akavua kofia yake.

"Tujiangalie," akasema. "Angalieni vile tuko."

Tukajiangalia: kijani, mabuti, mstari mmoja, kama wale askari waliovuka kutoka upande wetu wakati wa vita. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mabuti yangu. Nikavua lile koti, wenzangu wakavua, tukabaki na mashati yetu ya misa yanalowa, na hatukujua la kufanya. Kuita tulikuwa tumeita, matokeo yake ndiyo hayo. Kuondoka haikuwezekana, maana tungeondoka Mama angebaki na hiyo sura yetu mbele ya kilima kizima. Kukaa kwenye mabenchi yale hakuna aliyethubutu.

Ndipo tukasikia harufu. Maharagwe yalikuwa yameanza kushika chini. Na hapo, sijui niwaambie nini, mikono ilikuwa inatafuta kazi. Pascal akachukua mwiko. Mapacha wakapunguza kuni. Gaspari akachota kikombe kwenye ndoo, akataka kumimina, na mimi nikamfokea kama Mama alivyokuwa ananifokea mimi zamani kwenye jiko lile lile.

"Maji ya baridi hapana! Utayagandisha, hayataiva tena mpaka kesho. Tia ya moto, kidogo kidogo, pembeni."

Kutoka kwenye migomba, karibu kabisa, nyuma ya choo, ikasikika sauti ya mwanamke.

"Ni nani anasema maji ya baridi hapana?"

Nikageukia kule kwenye choo.

"Mwenye anasema aseme tena."

"Ni miye, Mama. Ni Fideli."

Alitoka taratibu. Alikuwa amezeeka, ile kuzeeka ya haraka. Kitenge chake cha sikukuu kilikuwa tope mpaka kiunoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Akatuangalia, akaangalia sufuria, akaangalia makoti yale kwenye majani. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anatuona tangu mwanzo, na kwamba wale wengine wote waliowahi kupita pale walikula kilichokuwa motoni, wengine walikimwaga, lakini hakuwahi kuona hata mmoja akiongeza maji. Siku ile hakusema hivyo. Alinijia, akanishika uso na mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku kama anachagua nyanya, kisha akanipiga kofi la begani. Kisha akalia, na mimi nikalia, na Gaspari (hii huwa haisimulii) akalia kuliko sisi wote.

Alipomaliza kulia akakaa kwenye benchi la mwisho.

"Nyamuzinda," akasema, akimuita Mungu kwa Mashi, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka. "Fideli, minapita mu manyumba wiki mingi. Minabaambia, bale bantu habafanane bote. Ile tu njo nilikuwa nasema. Habafanane bote. Na mwe munakuya mumefanana mpaka viatu."

Nilimwambia tu pole, Mama, tena na tena, mpaka akanikataza.

"Pole yako usiniletee miye. Miye ninakujua. Utaipeleka kwao."

Akaniambia nivue lile shati lililolowa nisije nikapata homa, na suruali nayo, na kwa kuwa hakutaka kuona koti lile limerudi mwilini mwa mtu, akanifunga kitenge chake kimoja, cha njano chenye samaki wakubwa, na kanga nyingine mabegani. Hivyo ndivyo shefu wa msafara alivyozungushwa kilima kizima, kwenye mvua, amevaa kitenge cha mama na mabuti ya mpira, ameshikwa mkono kama mtoto aliyevunja kioo cha watu. Nyumba kwa nyumba. Mama akiita kwa Mashi kuelekea kwenye migomba, kisha ananisukuma mbele.

"Huyu njo mulikimbia. Mumuangalie."

Na mimi nasema jina langu, nasema nimelelewa hapa, nasema mtusamehe, ilikuwa mvua, ilikuwa makoti tu. Mwanzoni hakutoka mtu. Kisha watoto. Mtoto mmoja akaona samaki wa kitenge wanavyokaa kwenye makalio yangu, akacheka, mwingine akacheka, mama mmoja akafunika mdomo, na kicheko kile kikatangulia mbele yetu kwenye migomba, watu wakaanza kutoka na majani kwenye nywele. Yule mama wa beseni alinitazama chini mpaka juu, akasema kwa miaka yake yote hajaona askari mbaya hivi, na nikamshukuru kwa moyo wangu wote. Ile ndara ndogo ilipata mwenyewe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa imefungwa. Mama akasimama, hakuita kwa nguvu kama kule kwingine.

"Ni ya Mzee Mushagalusa," akaniambia. "Yeye hawezi kukimbia, magoti. Mutoto yake, baaskari balimupitisha hapa, abebe mizigo yabo. Hakurudi."

Nikasogea karibu na mlango. Nikasema jina langu, nikasema habari zote zile, makoti, mvua, pole. Ndani mtu alikuwa anapumua, nilimsikia. Kisha akasema, bila hasira kabisa, na hiyo ndiyo ilinivunja.

"Bale baaskari tulikuwa tunabakimbia zamani, hakuna hata mumoja alirudi kutusalimia."

Nikangoja. Mlango haukufunguka. Mama akanivuta taratibu, tukashuka.

Chakula tulikula. Mabenchi hayakujaa, nusu yalibaki wazi, na waliokuja walikaa upande wao wakatutazama tukila, lakini walikuja. Maharagwe yalikuwa na ladha ya moshi, Pascal akaongezwa mara tatu. Mama aliufungua mwavuli wake mbele ya watu, akazunguka nao uani, akapigiwa makofi. Makoti tuliyaacha, sikuuliza atayafanyia nini. Tulirudi na mashati yetu yaliyolowa tukitetemeka mpaka daraja, mteremko na mlima tumewasha, esansi ikaishia Bukavu, tukasukuma pikipiki mbele ya watu walewale tuliotaka watuone asubuhi. Na keshoyake Maman Esperansi alivuka na habari yote kabla hata sijaamka, nilipofika kijiweni soko zima lilikuwa linaniita Kamanda.

Mama hakunilaumu tena. Wakati wa kuagana tu aliniambia, "Mara ingine kuya peke yako. Na kuya na miguu, bantu bakuone uso tangu mbali." Nilimuahidi, na hiyo ahadi sijaivunja. Kila nikienda pikipiki naiacha barabarani kwa mama muuza ndizi, napanda na miguu, kichwa wazi, nasalimia kila mlango, naulizia kila mgonjwa na kila mbuzi, na kufika kwa Mama chakula kimepoa kila siku. Sasa watu wa kilima wananizuia njiani wao wenyewe, wananituma dawa Kamembe.

Kwa Mzee Mushagalusa mlango bado haujafunguka. Nasimama uani, nasema jina langu, naitikiwa na kikohozi, naondoka. Hivi majuzi nimefika pale mawingu yamejaa juu ya ziwa, nikasalimia, nikageuka kwenda, ndipo akasema kutoka ndani, "Fideli, mvua iko nakuya. Kimbia, ufike kwa mama yako."

Nilimshukuru. Lakini sikukimbia. Mlangoni mwa yule mzee nilitaka asikie miguu ya mtu anayekwenda polepole, na nilikwenda polepole mpaka mvua ikanikuta katikati ya migomba, nikafika kwa Mama nimelowa chapachapa.